Picha zangu za pikseli zinatoka na ukungu na mistari ina meno: nianzie wapi?

Mpendwa Mshauri,

Salamu nyingi. Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wasomaji wengine, nami leo naleta langu, ambalo kwa wengi huenda ni dogo lakini kwangu limekuwa zito.

Mimi ni mtu mzima mwenye kazi isiyohusiana kabisa na uchoraji. Tangu utotoni nimependa michezo ya video ya zamani, ile ambayo wahusika wake walijengwa kwa miraba michache ya rangi, na bado kwa kufumba na kufumbua ulijua huyu ni nani na anafanya nini. Sasa nimeanza kutengeneza mchezo mdogo wa kwangu mwenyewe. Ni mchezo wa msichana mwenye joho na taa ya mkononi, anayekimbia na kuruka ndani ya mapango, na nimekusudia kwamba picha zake zote nitazichora mwenyewe kwa sanaa ya pikseli, yaani kwa kuipanga miraba hiyo midogo ya rangi mmoja mmoja.

Tatizo ni kwamba picha hazitoki. Nilianza kwa kumchora msichana huyo kwenye turubai la pikseli 200 kwa 200, kwa brashi laini ya programu ninayoitumia, kisha nikampunguza hadi ukubwa unaofaa mchezo. Alipopungua alibaki doa lenye ukungu: macho yalipotea, taa ikachanganyika na mkono, na kingo zake zikazungukwa na rangi za kijivu ambazo sikuziweka mimi. Nikajaribu kuchora moja kwa moja kwenye turubai dogo. Ukungu uliondoka, lakini mistari ikaota meno. Mviringo wa kofia ya joho unaonekana umetafunwa, na kila ninapoongeza au kuondoa pikseli ndipo unapozidi kuharibika.

Vivuli navyo vinanishinda. Nimekuwa nikiweka rangi nyeusi zaidi pembezoni na nyeupe zaidi katikati, na matokeo yake msichana anaonekana amevimba. Joho lake ni la buluu, na anapoingia pangoni, ambako kuta pia ni za buluu, haonekani tena. Nikimtembeza ndiyo kabisa, kwa sababu miguu inachezacheza lakini mwili unateleza juu ya sakafu.

Nimepewa ushauri unaopingana. Mmoja ananiambia ninunue programu maalumu na kalamu ya kuchorea kwenye kompyuta, kwa kuwa kipanya hakifai. Mwingine anasema niiache sanaa hii mpaka nijue kuchora mwili wa binadamu kwenye karatasi. Wa tatu anasema ninakili wahusika wa michezo ya zamani mpaka mkono uzoee, jambo ambalo moyo wangu unaliona kama wizi.

Je, mtu asiye mchoraji anaweza kweli kuimudu kazi hii, au nimtafute mwenye kipaji anichoree? Na kama naweza, nianze na lipi?

Wako,
Mpenda Pikseli

*

Ndugu yangu Mpenda Pikseli,

Sioni katika barua yako dalili yoyote ya mtu asiye na kipaji. Ninachokiona ni mtu aliyejipa uhuru mwingi mno katika sanaa iliyozaliwa kwa sababu uhuru haukuwapo. Turubai la pikseli 200 kwa 200 lina pikseli 40,000, na programu yako inakupa rangi zaidi ya milioni 16 za kuchagua. Hakuna anayeanza awezaye kuamua kwa makusudi juu ya kila nukta katika wingi huo, na kwa hiyo nyingi zinabaki pale brashi ilipoziangusha. Turubai la 16 kwa 16 lina pikseli 256 tu. Hizo unaweza kuziamua zote, moja baada ya nyingine, na kazi yenyewe ndiyo hiyo: hakuna pikseli inayokaa mahali mpaka mchoraji awe na sababu ya kuiweka hapo. Unapoichora picha kubwa na kuiachia kompyuta iipunguze, uamuzi huo unafanywa na kompyuta, nayo huamua kwa kuchukua wastani wa rangi zilizo jirani. Zile rangi za kijivu ambazo hukuziweka ni wastani huo.

Kwa hiyo ushauri wangu mkuu ni kwamba uchague mashine moja ya zamani ya michezo ya video, ukubali masharti yake, na umchore msichana wako kana kwamba atachezwa humo. Usiyaone masharti hayo kuwa adhabu. Yatakuondolea maamuzi mengi usiyoyahitaji sasa na kukuachia machache yenye uzito.

Chukua mashine iliyotoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom, ambayo baadaye ilijulikana Marekani na Ulaya kwa jina la NES. Skrini yake ilikuwa na pikseli 256 kwa upana na 240 kutoka juu hadi chini. Mandhari yake yalijengwa kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8, na kila kipande cha umbo linalotembea kiliruhusiwa rangi 3 pekee, pamoja na sehemu tupu inayoacha mandhari yaonekane nyuma yake. Vipande vya namna hiyo havikuweza kuzidi 64 kwenye skrini nzima, wala 8 kwenye mstari mmoja wa ulalo. Vilipozidi 8, watengenezaji walilazimika kuvionyesha kwa zamu, na ndiyo sababu katika michezo mingi ya wakati ule maadui wakipangana mstari mmoja huanza kumetameta. Mchoraji aliyefanya kazi ndani ya masharti hayo alijua kwamba kila rangi anayoiongeza inadaiwa mahali fulani.

Tazama yaliyomtokea Mario, mhusika maarufu wa michezo ya video. Alipobuniwa na Shigeru Miyamoto kwa ajili ya mchezo wa Donkey Kong uliotoka mwaka 1981, nafasi ilikuwa ndogo kiasi kwamba nywele na mdomo havikuweza kuchorwa vikaeleweka. Akapewa kofia ili nywele zisihitajike, akapewa pua kubwa na masharubu ili uso usomeke bila mdomo, na akavikwa suruali yenye kanda za mabegani ili mikono yake itofautiane na kiwiliwili inapocheza. Mavazi ambayo leo yanatambulika duniani kote ni majibu ya maswali ya pikseli. Miaka minne baadaye, katika Super Mario Bros., mawingu ya angani na vichaka vya ardhini vilikuwa umbo lilelile, likipakwa rangi nyeupe juu na kijani chini, kwa sababu kumbukumbu ya mashine haikutosha kuhifadhi kila kitu kivyake. Mambo haya yanastahili kufahamiwa na kila anayejifunza sanaa hii, kwa maana yanaonyesha kwamba wabunifu wale hawakuanza na picha kubwa wakaipunguza, bali walianza na nafasi ndogo na kujiuliza ni kitu gani kinaweza kuishi ndani yake.

Basi jiulize hivyo kuhusu msichana wako. Katika pikseli 16 kwa 16 hawezi kuwa na kila kitu. Kope, vidole, vifungo vya joho na kamba za viatu, vyote vinaondoka. Vinavyobaki ni vitu viwili ulivyovitaja wewe mwenyewe ulipomweleza kwa sentensi moja: joho na taa. Mfanye kichwa chake, pamoja na kofia ya joho, kichukue karibu nusu ya urefu wake, kwa sababu uso ndio unaotafutwa kwanza na jicho la mchezaji. Jicho lake liwe pikseli 1 ya upana na 2 za urefu. Taa isishikwe mbele ya kiwiliwili, ambako itamezwa, bali inyooshwe mbali na mwili, na kati yake na joho pabaki angalau pikseli moja tupu. Kisha mjaze wote kwa rangi moja nyeusi na umtazame kwa ukubwa wake halisi. Ikiwa bado unaona mtu mwenye joho aliyeshika taa, umbo lake limekamilika na unaweza kuendelea. Ikiwa unaona jiwe, usiguse rangi bado. Mchore tena, mara nyingi, kwa maumbo meusi tu. Kila moja huchukua dakika chache, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi katika majuma ya mwanzo.

Sasa meno ya mistari. Hili halitokani na mkono unaotetemeka, na ndiyo maana kipanya kinatosha kabisa. Mstari wa pikseli ni mfululizo wa hatua, na jicho linasoma urefu wa hatua hizo. Mstari wa mshazari ulionyooka unaonekana safi hatua zake zikiwa sawa: 2, 2, 2, 2, au 3, 3, 3. Ukiwa na 3, 1, 3, 2, jicho linaona vilima na mabonde ambayo hukukusudia. Mkunjo una kanuni yake: hatua zake hupungua kwa utaratibu kuelekea kwenye pembe na kisha huongezeka kwa utaratibu kutoka kwenye pembe hiyo. Kwa mfano, anza juu kwa hatua ya ulalo ya pikseli 4, ifuate ya 2, kisha 1, halafu geuka kwenda chini kwa hatua za wima za 1, 2 na 4. Ukiharibu mpangilio mahali pamoja tu, ukaweka 4, 1, 2, 1, mviringo wote utaonekana umetafunwa. Naamini hicho ndicho kinachoikuta kofia yako, na ndiyo sababu kuongeza na kuondoa pikseli kwa kubahatisha hakukusaidii. Hesabu hatua zake kwa sauti, utafute ile inayovunja mfuatano, na urekebishe hiyo peke yake.

Lipo kosa jingine linalofanana na hilo. Mkono unapochora kwa haraka huacha pikseli ya ziada kwenye kila kona, hivyo hatua mbili zikagusana kwa ubavu badala ya kugusana kwa ncha, na mstari ukaonekana mnene hapa na mwembamba pale. Ziondoe pikseli hizo za kona. Baadhi ya programu, Aseprite ikiwa mojawapo, zina mpangilio wa penseli unaoziondoa zenyewe unapochora, lakini ni vizuri kwanza uzione na kuziondoa kwa mkono ili ujue ni kitu gani kinaondolewa.

Utasikia pia habari za kulainisha meno kwa kuweka pikseli za rangi ya kati kwenye mwisho wa hatua ndefu. Ni mbinu halali, lakini ningekusihi uiache kando kwa sasa. Inasaidia mstari ambao tayari ni mzuri, na inauharibu zaidi ulio mbaya, kwa kuwa inauongezea ukungu. Hata utakapoizoea, usiitumie kwenye kingo za nje za mhusika. Rangi ya kati inayoonekana laini mbele ya ukuta wa pango itabaki kama vumbi atakaposimama mbele ya anga.

Kuhusu vivuli, umeeleza mwenyewe kilichotokea: kila upande wa umbo umefanywa mweusi pembezoni na mweupe katikati, kana kwamba mwanga unatoka usoni mwa mtazamaji na kugonga kila kitu sawasawa. Mwanga lazima uwe na mahali unapotoka. Wewe una bahati ambayo wengi hawana, kwa sababu mhusika wako amebeba mwanga wake mkononi. Upande wa uso na joho unaoielekea taa upate rangi ya mwanga, upande wa mgongo ubaki kivulini, na mpaka kati ya hizo mbili uwe mkali na wa makusudi. Ninaipenda taa hiyo kwa sababu nyingine pia. Michezo ya aina hii huchora mhusika akitazama upande mmoja tu, kisha humgeuza kama kwenye kioo anapokwenda upande wa pili. Mashine niliyoitaja hapo juu ilikuwa na uwezo huo ndani yake, na uliokoa kumbukumbu nyingi. Ukimpa mhusika mwanga unaotoka juu kushoto, atakapogeuzwa mwanga utahamia kulia na macho yatagundua kwamba jua limehama. Mwanga unaotoka moja kwa moja juu hauna shida hiyo, na mwanga wa taa iliyo mbele yake hauna pia, maana taa inageuka pamoja naye.

Anza na rangi 3 kama Famicom: moja ya joho, moja ya ngozi, na moja ya njano iliyopauka kwa ajili ya taa na sehemu zinazogongwa na mwanga wake. Utaniuliza mpaka wa nje na macho vitachorwa kwa rangi gani. Macho yatumie rangi ya joho ikiwa imekolea vya kutosha, na mpaka wa nje usiwepo. Utagundua kwamba katika mapango yenye giza mpaka mweusi hauongezi chochote, bali unakula pikseli ambazo msichana wako anazihitaji.

Ukishamwona anasomeka kwa rangi 3, mwongezee mpaka afikie 6 au 8, na hapo ndipo suala la kuchagua rangi linapokuwa na utamu. Wengi wanaoanza hupata kivuli kwa kuongeza nyeusi kwenye rangi ileile na mwanga kwa kuongeza nyeupe. Picha inayotokea huonekana imefifia. Jaribu kuisogeza rangi yenyewe inapokolea na inapong'aa: joho jekundu lielekee zambarau kivulini na machungwa kwenye mwanga; jani la kijani lielekee buluu kivulini na njano kwenye mwanga. Kwa njia hiyo zambarau ya kivuli cha joho inaweza kuwa rangi ileile ya kivuli cha jiwe, na picha nzima ikashikamana kwa rangi chache.

Nimetaja joho jekundu kwa makusudi. Lako la buluu linapotea pangoni, nami nakushauri ulibadilishe; ila usidhani kwamba kubadilisha buluu kuwa nyekundu kunatosha peke yake. Kinachomtenganisha mhusika na mandhari kwanza ni tofauti ya giza na nuru, na jina la rangi linakuja baadaye. Igeuze skrini yote kuwa ya kijivu uone. Ikiwa joho na ukuta vina kijivu kimoja, mchezaji atachoka kumtafuta hata kama moja ni jekundu na jingine ni buluu. Kuta za nyuma ziwe za giza na zenye tofauti ndogo kati ya rangi zake, majukwaa anayoyakanyaga yawe angavu kidogo kwa juu, na msichana pamoja na taa yake wapate rangi angavu kuliko zote. Zoezi zuri sana la jambo hili ni kuchora pango zima kwa vivuli 4 tu, kama ilivyokuwa kwenye Game Boy, mashine ya michezo ya mkononi ya mwaka 1989, ambayo skrini yake ilikuwa na pikseli 160 kwa 144 na haikuwa na rangi ya aina nyingine yoyote. Pango likisomeka kwa vivuli 4, litasomeka kwa rangi zozote utakazolipa.

Nitagusia kwa ufupi ile mbinu ya kupanga pikseli za rangi mbili kwa kupishana, mfano wa ubao wa drafti, ili zionekane kama rangi ya tatu. Imejaa katika michezo ya zamani, na wanaoanza huipenda kwa sababu inaonekana ya kizamani papo hapo. Lakini skrini za wakati ule zilikuwa televisheni za kioo kinene, na picha ilipopita kwenye waya wa kawaida wa video, pikseli jirani ziliyeyukiana. Katika mchezo wa Sonic the Hedgehog wa mwaka 1991, maporomoko ya maji yalichorwa kwa mistari ya wima iliyoachana, na kwenye televisheni hizo yalionekana kama maji unayoweza kuona nyuma yake. Kwenye skrini bapa ya leo unaiona mistari yenyewe. Itumie mbinu hiyo kwenye eneo pana, kama anga au ukuta mkubwa, na usiiweke kamwe kwenye uso wa mhusika wa pikseli 16.

Sasa mwendo, ambao naona ndio unaokuumiza zaidi. Kuteleza kwa miguu ni suala la hesabu, na hesabu yake ni rahisi. Mguu uliokanyaga chini hausogei kutoka pale ulipokanyaga. Mwili ndio unaopita juu yake. Kwa hiyo, ndani ya turubai, mguu huo lazima urudi nyuma kwa idadi ileile ya pikseli ambazo mwili umekwenda mbele. Tuseme mchezo wako unachora skrini mara 60 kwa sekunde, kila fremu, yaani kila picha moja ya mwendo, inakaa kwa michoro 8 ya skrini, na msichana anasogea pikseli 1 kila michoro 2. Kabla fremu haijabadilika atakuwa amesogea pikseli 4. Basi fremu ya kwanza iwe na mguu wa mbele umekanyaga pikseli 4 mbele ya katikati ya mwili. Fremu ya pili mguu huohuo uwe chini ya mwili kabisa, na ule mwingine umeinuliwa ukipita kando yake. Fremu ya tatu mguu wa kwanza uwe pikseli 4 nyuma, na ule wa pili umekanyaga mbele. Fremu ya nne ni kama ya pili kwa mguu mwingine. Ukimwongezea kasi msichana bila kubadilisha hatua zake wala muda wa fremu, kuteleza kutarudi, na hutakuwa na haja ya kushangaa kwa nini.

Fremu 4 zinatosha. Mario mdogo wa mwaka 1985 alitembea kwa fremu 3 na hakuna aliyelalamika. Kinachoupa mwendo uhai katika ukubwa huu ni pikseli moja moja: mwili mzima uinuke pikseli 1 katika fremu ambazo mguu unapita, na ushuke pikseli 1 katika zile ambazo mguu umekanyaga. Ncha ya joho ichelewe fremu moja nyuma ya mwili, hivyo mwili unaposhuka joho bado liko juu. Taa nayo ichelewe vivyo hivyo kwa kuwa inaning'inia. Fanya mambo hayo matatu tu, na kabla hujaugusa uso wake msichana ataonekana ana uzito na anakwenda mahali.

Nigeukie ushauri uliopewa na watu wako watatu. Wa kwanza simwafiki. Aseprite ni programu nzuri na ya kulipia, na ukiwa nayo utaifurahia, lakini LibreSprite, GrafX2 na Pixelorama ni za bure, na Piskel hufanya kazi ndani ya kivinjari bila kusakinishwa. Hata ukibaki na programu uliyo nayo, tumia penseli ya pikseli 1 badala ya brashi, zima kila mpangilio unaolainisha kingo, na uweke pembeni dirisha dogo linaloonyesha picha kwa ukubwa wake halisi, kwa maana picha iliyokuzwa mara nane humdanganya mchoraji wake.

Wa pili ana nusu ya haki. Kujua mwili unavyojipinda kutakusaidia daima, nami ningefurahi ukichora watu kwenye karatasi kila unapopata nafasi, ila usikubali kuwa hilo ni lango la kuingilia. Pikseli 256 zinafundisha uzani, mizani ya umbo na uchaguzi wa rangi kwa namna yake, na mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja.

Wa tatu ndiye ninayemkubali zaidi, kwa sharti moja. Kunakili ili kujifunza ni desturi ya kila sanaa ninayoijua. Chukua mhusika mmoja wa zamani, umkuze mpaka uzione pikseli zake, na umchore upya ukiuliza kila mahali: hapa kwa nini mpaka umekatika, rangi hii inatumika katika sehemu ngapi, jicho limeonyeshwa kwa pikseli ngapi? Wizi unaanza pale utakapomweka mhusika huyo, au aliyebadilishwa rangi kidogo, ndani ya mchezo wako na kumtangaza kuwa wako, kwa sababu wahusika hao wana wenyewe na sheria za hakimiliki zinawalinda. Mazoezi hayo yabaki kwenye folda yako.

Limebaki la kuhifadhi na kukuza, ambalo huharibu kazi nyingi nzuri dakika ya mwisho. Hifadhi picha kwa muundo wa PNG, wala si JPEG, kwa kuwa JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kuchezea rangi za pikseli jirani, na kwenye picha ndogo kama hizi madhara yake yanaonekana waziwazi. Unapomkuza msichana ili aonekane kwenye skrini ya leo, mkuze kwa namba kamili, mara 3, mara 4 au mara 5, na uchague njia ya kukuza inayorudia pikseli zilivyo bila kuzichanganya. Ukimkuza mara 4 na nusu, baadhi ya pikseli zake zitakuwa nene kuliko nyingine, na ile mistari uliyoihesabu hatua kwa hatua itaota meno upya. Mpangilio huohuo uuweke na ndani ya programu inayoendesha mchezo wako, kwa sababu nyingi huanza zikiwa zimewashiwa ulainishaji.

Uniandikie tena utakapokuwa na fremu 4 za kwanza. Ningependa kujua umeamuaje juu ya pindo la joho pale linapofunika mguu wa nyuma, maana hapo una pikseli mbili au tatu tu za kuchezea.

Wako,
Mshauri